Daftari la waliouawa, waliojeruhiwa na waliotoweka: namna ya kuliandika katika vijiji vya Lamu

Mtu akiuawa alfajiri katika vijiji vya Lamu bara, mara nyingi ikifika alasiri ameshazikwa. Sanda imekatwa, maiti imesaliwa, kaburi limefukiwa, na kila kilichokuwa mwilini cha kueleza alivyokufa kimeondoka naye. Majeruhi hupandishwa boti Mokowe kupelekwa hospitali ya King Fahd kisiwani, au huchukuliwa kwa ndege kutoka Manda, na akifia Mombasa wiki ya tatu, kijijini hesabu ilishafungwa zamani. Aliyekimbilia msituni asirudi hana kaburi wala faili. Mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani, kuanzia usiku wa tarehe 15 Juni 2014, mpaka leo hutajwa kuwa yaliua "zaidi ya watu 60". Hilo "zaidi ya" ni watu, nao wana majina na mama zao.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayeweza kushika kalamu na anayeaminiwa na majirani: mzee wa mtaa, mwalimu, karani wa msikiti au kanisa, kijana wa kikundi cha haki. Kanuni inayotangulia zote ni kwamba jina huandikwa kwanza, idadi ikatoka kwenye majina. Ukianza na idadi uliyoisikia redioni kisha ukatafuta majina ya kuijaza, utawapata hata wasiokufa.

Vifaa

Nunua daftari la jalada gumu la kurasa 200. La waya halifai, kwa sababu kurasa zake huchomoka bila kuacha alama. Kabla ya kuandika jina la kwanza, tia namba kila ukurasa kwa mkono, 1 hadi 200. Tumia kalamu ya kawaida ya biki. Penseli hufutika, na wino wa majimaji huyeyuka boti ikirusha maji ya chumvi. Ukikosea, piga mstari mmoja tu juu ya neno ili liendelee kusomeka, kisha tia sahihi na tarehe pembeni. Ukurasa usichanwe hata ukiharibika wote, kwani daftari lililochanwa halimsaidii wakili wala hakimu.

Kila mtu apewe ukurasa wake mzima, maana habari zake zitaendelea kuja kwa miezi. Mpe na namba: tukio, mwaka, mtu. Kwa mfano 2-2025-07 ni mtu wa saba wa tukio la pili la mwaka 2025. Namba hiyo haibadiliki wala hapewi mwingine. Akipatikana hai, andika "amepatikana hai" na tarehe, namba ibaki pale pale.

Daftari la pili, dogo, ni la vyanzo: nani alisema nini, lini, na namba yake ya simu. Kwenye daftari kubwa chanzo huandikwa kwa herufi tu, "A", "B", "C". Madaftari haya mawili yasilale nyumba moja. Yakisafiri kwa boti, yatie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana.

Saa za kwanza

Usianze mahali pa tukio. Palipolipuka bomu la barabarani huenda pana la pili lililotegwa kwa ajili ya wanaokuja kusaidia, na ganda la risasi ulilookota kwa nia njema ni ushahidi ulioharibika. Waachie polisi. Wewe anza kwa muosha maiti.

Muosha maiti ndiye aliyeuona mwili wote, na mara nyingi hakuna amwulizaye. Wanaume huoshwa na wanaume na wanawake na wanawake, kwa hiyo utahitaji kuonana na watu wawili au zaidi. Waulize siku ile ile, baada ya mazishi, wakiwa wamenawa na kupumzika. Kabla hujaenda, chora kwenye ukurasa umbo la mtu mara mbili, mbele na nyuma, mstari mwembamba tu. Kisha mwombe aonyeshe kwa kidole kila jeraha lilipokuwa, nawe tia nukta. Uliza ukubwa: punje ya mtama, sarafu, kiganja? Uliza kama vifundo vya mikono vilikuwa na alama za kamba, kama nywele zilikuwa zimeungua, kama kuna kiungo kilichokosekana. Andika alichokiona, usiandike maana yake. "Tundu dogo chini ya bega la kushoto, nyuma, tundu kubwa kifuani, kulia" ni habari. "Alipigwa risasi akikimbia" ni hukumu, na si kazi yako.

Nguo za marehemu kwa kawaida huchomwa au hufukiwa. Iombe familia mapema iziweke mpaka polisi wazichukue. Zianikwe kivulini zikauke, ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, maana zikifungwa kwenye plastiki na unyevu wa pwani huota ukungu kwa siku chache. Juu ya bahasha andika namba ya mtu. Ukizikabidhi, aliyepokea atie sahihi.

Kwa maiti asiyejulikana muda ni mfupi sana. Katika joto kama letu uso unaweza kushindikana kutambulika baada ya saa 12 hadi 48. Kama hakuna askari wala daktari wa karibu na maiti lazima azikwe, piga picha tano: mwili mzima, uso kwa mbele, uso kwa ubavu, nguo, na alama yoyote ya pekee (kovu, jino lililotoka, chale). Katika kila picha iwepo karatasi yenye namba yake. Futa damu usoni kwanza, kwa sababu ndugu hamtambui mtu kwa damu. Namba hiyo hiyo iandikwe kwenye kitu kisichooza, kama kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, kimoja kifungwe mwilini, kingine kiwe kichwani mwa kaburi. Kila maiti awe na mahali pake, hata wakizikwa handaki moja walazwe upande kwa upande, wasipandanishwe, na uchore ramani: hatua ngapi kutoka mbuyu, hatua ngapi kutoka ukuta wa msikiti. Watu husema maiti wengi wataleta ugonjwa, wazikwe haraka bila kuandikwa. Waliokufa kwa majeraha hawaleti mlipuko wa maradhi, kwa hiyo nusu saa ya kuandika haimdhuru mtu.

Mlipuko ukitawanya viungo, kila kiungo kipewe namba yake. Kusema mkono huu ni wa mwili ule ni kazi ya daktari wa uchunguzi wa maiti. Kama ilikuwa basi au matatu, tafuta idadi kwa njia nyingine: orodha ya ofisi ya tiketi, kondakta aliyepona, watu waliopandia njiani, na wanaosubiri Malindi au Mombasa mtu ambaye hajafika.

Jina

Hapa ndipo madaftari mengi huharibika, kwa hiyo pachukue muda wako.

Andika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, ukiwa umekiona kwa macho. Chini yake andika jina la nyumbani. Mtu anaweza kuwa Mohamed Ali Mohamed serikalini, na kijiji kizima hakimjui ila kwa lakabu. Usipoandika yote mawili, atahesabiwa mara mbili: mara moja na familia, mara moja na wavuvi wenzake. Halafu andika jina la mama. Akina Athman Omar wanaweza kuwa wanne Faza peke yake, lakini ni nadra wawili wawe na mama wa jina moja. Tahajia nayo hubadilika kati ya kitambulisho, cheti cha hospitali na kinywa cha watu: Athman, Athumani, Othman, Shee, Shehe. Ziandike zote ulizokutana nazo.

Kwa familia za Kigiriama, jua kwamba mtoto hupewa jina la babu, na majina hupokezana vizazi. Charo wa Karisa huzaa Karisa wa Charo. Ukiyaona majina hayo mawili kwenye orodha usidhani karani amegeuza, wala usidhani ni wawili bila kuuliza. Yawezekana ni baba na mwana waliouawa pamoja.

Umri ukikosa hati, uliza alizaliwa karibu na jambo gani. Wazee wengi wa Kibajuni hupima kwa vita vya shifta (waasi wa kaskazini mashariki mwa Kenya) vya 1963 hadi 1967, vilivyowahamisha kutoka vijiji vyao vya bara. Wa umri wa kati hupima kwa mvua za El Niño za 1997. Andika mwaka wa kukisia na neno "makisio".

Kisha tarehe, ambayo huwatega hata waandishi wazoefu. Kwa mzee wa Kiswahili, usiku huitangulia siku yake: akisema "usiku wa Jumatatu" anamaanisha usiku ulioingia Jumapili jua lilipotua. Tarehe 15 Juni 2014 ilikuwa Jumapili, na usiku ule ni "wa kuamkia Jumatatu". Kijana akikwambia Jumapili na babu yake akakwambia Jumatatu, wote wawili huenda wanasema kweli. Saa pia: "saa tatu usiku" iandike pamoja na 21:00, ili asomaye Nairobi au Geneva asiifanye saa tisa usiku.

Mahali paandikwe kijiji, mtaa, na namba ya shamba kwa maeneo ya mashamba yaliyogawiwa na serikali kama Mpeketoni. Majina ya vijiji hujirudia.

Kuna sababu ya kusisitiza majina kiasi hiki. Katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa Afrika Mashariki walizidi 40,000 kwa hesabu ya serikali yenyewe, wengi wao kwa malaria na kuhara. Kikosi chao, Carrier Corps, kimeacha jina la Kariakoo kwenye soko la Dar es Salaam. Wapagazi wenyewe, kwa sehemu kubwa, hawakuacha jina popote.

Kuuliza waliofiwa

Nendeni wawili, mmoja aulize, mmoja aandike, na mmoja wenu awe mwanamke. Mjane aliye eda hatoki kwa miezi minne na siku kumi, na hatakaa na mwanamume asiye maharimu wake. Daftari linaloandikwa na wanaume peke yao humkosa mtu aliyelala chumba kimoja na marehemu usiku ule. Ombeni ruhusa kwa mkubwa wa nyumba, na mwandikaji wa kike aingie peke yake.

Wakati wa matanga kaeni kwanza kama watu wengine, bila daftari. Mkishatoa pole na kupata nafasi, semeni wazi mnachokitaka: "Shangazi, pole sana kwa msiba. Tunaandika majina ya waliouawa yasipotee. Hatuna pesa wala hatuahidi fidia. Ukitaka jina lisisomwe hadharani tutaliweka ndani. Ukitaka tuondoke, tutaondoka." Sentensi ya fidia usiiache. Ukiiacha, kesho utaletewa majina ambayo si ya tukio lile, na familia ya kweli itakulaumu mwaka mzima.

Usiulize "aliuawa na nani?" mwanzoni. Uliza "ulikuwa wapi?", "ulisikia nini kwanza?", "ulimwona lini mara ya mwisho?" Aliyefanya andika mwisho, kwenye sehemu yake, pamoja na sababu: sare, lugha, gari, tangazo lililotolewa baadaye. Wakitajwa al-Shabaab, au wakitajwa askari wa serikali, uzito wa ushahidi unaodai uwe sawa.

Vyanzo viwili

Lisemwalo lipo, lakini daftarini haliingii kama limethibitika mpaka liwe na vyanzo viwili visivyotegemeana. Majirani watano waliosikia kwa imamu mmoja ni chanzo kimoja. Kwa hiyo kila mtu mwulize, "Ulijuaje?" Vyanzo vinavyokwenda pamoja vizuri ni muosha maiti na naibu wa chifu, familia na rejista ya hospitali, aliyechimba kaburi na aliyekuwa naye shambani. Andika daraja kwa maneno: "limethibitika", "linasubiri", "limekanushwa". Lililokanushwa libaki na sababu yake, ili mwingine akilileta tena usianze upya.

Raia, askari, polisi wa akiba na washambuliaji waliouawa wote waandikwe, ila kila mmoja kwa kundi lake. Mwenye kundi lisilojulikana aandikwe "halijulikani", asisukumwe kwa raia wala kwa wapiganaji. Tofauti nyingi za idadi unazozisikia hutoka hapa tu: mmoja amehesabu washambuliaji, mwingine hakuwahesabu. Askari wana shida yao zaidi. Baada ya kambi ya El Adde kule Somalia kuvamiwa tarehe 15 Januari 2016, serikali haikutangaza idadi kamili ya wanajeshi wa Kenya waliouawa. Kwa askari, chanzo chako bora ni nyumbani kwao na kaburi lao.

Weka sehemu ya peke yake kwa waliokufa kwa sababu ya vita bila kuuawa na silaha. Kwenye vijiji vya Waboni kama Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, shule na zahanati zilifungwa kwa sababu ya usalama. Mama aliyefia uchungu wa kuzaa njiani kutafuta zahanati, mzee wa kisukari aliyekosa dawa wakati wa amri ya kutotoka nje, mtoto aliyezama familia ikikimbia usiku kwa dau, wote ni wa vita hivi. Lakini usiwachanganye na waliopigwa risasi. Ukiwachanganya, anayetaka kuipinga orodha atamnyooshea kidole mmoja na kuitupa yote.

Karatasi za serikali

Daftari lako halichukui nafasi ya hati, na kosa linaloumiza familia zaidi ni kuzika bila hata moja. Kifo cha kuuawa lazima kiripotiwe polisi. Pata namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) uiandike kwenye ukurasa wa mtu. Anayefia hospitali huandikiwa fomu D1, anayefia nyumbani D2 kwa naibu wa chifu, na kutokana na hizo hutolewa kibali cha mazishi na baadaye cheti cha kifo. Familia ikikataa mwili upasuliwe, iombe angalau daktari auangalie kwa nje na kuandika kabla ya kuoshwa. Hilo huchukua muda mfupi, na bila hilo kesi itakuwa na kaburi tu. Miezi 6 ikipita, kuandikisha kifo huwa ni kwa utaratibu wa waliochelewa, wenye maswali mengi zaidi. Bila cheti cha kifo mirathi kwa kadhi hukwama, na akaunti ya benki hukaa imefungwa.

Majeruhi achukue fomu ya P3 (ya maelezo ya daktari kuhusu majeraha) kituo cha polisi na ijazwe na daktari. Fomu hiyo ipige picha pande zote, kwani P3 hupotea zaidi ya karatasi nyingine yoyote.

Aliyetoweka ana njia mbili. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea maombi ya kutafuta waliopotezana na jamaa zao, hata mpakani na ndani ya Somalia. Peleka jina, jina la mama, picha na mahali alipoonekana mwisho. Kisheria, mtu ambaye hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao wangemsikia kama angekuwa hai huweza kudhaniwa amefariki. Miaka hiyo huhesabiwa tangu mara ya mwisho aliposikika, na hapo ukurasa wako, wenye tarehe na sahihi za wakati ule, huweza kuwa ushahidi pekee wa maana.

Kutunza na kutoa

Usiandike dini wala kabila kwenye orodha inayosomwa hadharani. Mpeketoni watu walitenganishwa kwa dini kabla ya kuuawa, na orodha ya aina hiyo ikianguka mikono mibaya huwa ni ya kuwatafutia waliobaki. Majina ya majeruhi na ya mashahidi hayatolewi kabisa. Picha za maiti zisiingie WhatsApp, hata kwenye kundi la familia: zihamishe kwenye kadi ya kumbukumbu, zifute simuni, kadi ikae na daftari la vyanzo. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inakubana na wewe pia.

Ukitoa idadi, itoe na tarehe yake na makundi yake: "kufikia siku fulani, majina kadhaa yamethibitika, kadhaa yanasubiri, kadhaa wametoweka". Idadi usiikadirie kwenye kumi iliyo karibu.

Rudi kwa kila familia siku ya arobaini, mwezi wa sita na mwaka ukitimia. Majeruhi wa risasi za tumbo na waliokatwa miguu hufa polepole, kwa kidonda kilichooza, kwa figo, kwa kukosa nauli ya kwenda kliniki Mombasa. Akifa hivyo, usimfungulie ukurasa mpya. Kwenye ukurasa wake wa zamani andika tarehe, hospitali au nyumba aliyofia, na maneno "amefariki kwa jeraha la tukio hili", kisha mhesabu upya kwenye orodha ya waliouawa kwa namba ile ile. Ukimaliza ziara ya mwaka, toa nakala mbili za daftari zima, moja ikae Lamu kwa mtu mwingine, nyingine ivuke maji iende Malindi au Mombasa. Bakiza kurasa tupu mwishoni.